Maji Tuliyomwaga Barabarani

Foni, Jumapili, tarehe 8 Januari

Mwanangu Suntu,

Salamu nyingi, na baada ya hizo nyingine, na amani iwe juu yako hapo ulipo. Sisi huku miili haijambo, mioyo ndiyo haitulii. Baba yako anakusalimu; anasema kikohozi kimepungua, lakini mimi ndiye ninayelala naye na nasema hakijapungua. Bibi yako alikataa kukusalimu kwa sababu hukumletea ugoro, kisha akanifuata hadi kisimani akasema, haya, mwandikie. Kaddy mdogo wako anakusalimu, amesuka nywele za sikukuu isiyojulikana. Sirreh mke wa kaka yako anakusalimu, na tumbo lake linakusalimu, maana limemtangulia kila anapokwenda. Jirani yetu Buya anakusalimu kwa matusi yake: anauliza umeoa au bado unalala na bunduki. Mimi nakusalimu wa mwisho, kwa sababu salamu yangu ndiyo nzito.

Mwanangu, tumepigwa na butwaa huku. Rais wetu alishindwa kura, akampigia mwenzake simu mbele ya nchi nzima, akacheka, akamtakia heri. Sasa anasema haondoki. Kwetu mgeni akishaaga na kusindikizwa hadi njia panda, kisha arudi kusema chakula hakijaisha, watu humtazama miguu waone kama ni mtu au jini.

Marais wa jumuiya yetu ya Afrika Magharibi walikuja mwezi uliopita kumsihi. Niliwaona kwenye runinga ya Sirreh, watu wazima kwenye makochi makubwa, na sikuona hata kokwa moja ya kola mezani, ile ya kutafunwa watu wakipatanishwa. Nikamwambia baba yako, hawa hawafiki mbali. Mimi nilipomkimbia yeye mwaka ule nikaenda kwa dada yangu Teneng, wazee waliokuja kunirudisha walileta kola, wakakaa chini mkekani, wakaanza kwa kunicheka mpaka nikacheka na mimi. Baba yako akasema, "Nyimasata, yule ni rais, hachekwi." Nikasema, basi ndiyo maana hasikii.

Jambo la pili ni lako. Nasikia kambini umewaambia wakuite Ansumana, jina la cheti. Acha. Ulipozaliwa nilikuwa nimeshazika watoto mpaka nikaogopa kutazama mimba yangu mwenyewe. Wanawake wa chama chetu, sisi tuliozika, wakakuchukua wakakulaza juu ya taka, wakakuita Suntu, yaani jalala, ili mauti ikipita ione takataka iendelee na safari. Kisha nikakutoa, nikampa Teneng kule Kasamansi, ng'ambo ya mpaka, ukanyonya ziwa lake usijulikane ni wangu, na mimi nikawa napita mlangoni kwake kama mchuuzi wa chaza, nakutazama kwa pembe ya jicho. Mauti haijui kusoma vyeti, lakini masikio inayo.

Simu yako imekufa tangu wiki iliyopita. Modou wa gari la mikate ataacha barua hii kwenye geti la kambi. Niambie uko wapi na unafanya nini. Jibu upesi.

Mama yako,
Nyimasata


Kambini Banjul, Jumatano, tarehe 11 Januari

Mama,

Nimepata barua, na mkate mmoja ambao Modou anasema ni wako, ingawa umeng'atwa pembeni. Wasalimie wote. Mwambie Bibi ugoro upo, na mwambie Buya nitaoa siku atakapoacha kunichagulia.

Simu zetu wakubwa wamezichukua, si mimi peke yangu. Usijali. Mimi nimepangiwa jikoni. Asubuhi namenya vitunguu, mchana napika wali wa chungu kimoja, jioni naosha sufuria ambalo hata ng'ombe wetu angeoga ndani yake. Wenzangu wananiita mke wa kikosi. Bunduki yangu sijaigusa tangu Krismasi, nadhani imeshika kutu.

Wanasema marais watakuja tena Ijumaa. Wataelewana, Mama. Watu wakubwa hupenda kuchelewa, basi.

Wewe usiende popote. Watu wanaokimbilia ng'ambo wanajaza barabara bure. Kaa nyumbani, na usiikaribie kabisa ile barabara ya kusini inayokwenda mpakani. Kuna magari mengi na vumbi.

Mwanao,
Suntu


Foni, Jumapili, tarehe 15 Januari

Mwanangu Suntu, mpishi wetu,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Nimeilalia. Jikoni. Mwanangu yuko jikoni. Nilimwambia kila mtu, hata mwenye duka ambaye hakuuliza. Bibi yako akasema, "Wakila chakula chake hao ndio watakaokufa." Tulicheka siku hiyo.

Ijumaa marais wakaja wakaondoka, na yeye bado amekaa. Redio ikasema majeshi ya nchi za jumuiya yanajipanga ng'ambo, na muda wake ukiisha wataingia. Wataingia kwa njia gani? Kwa njia yetu hii ya kusini. Na askari wetu nao wameweka kizuizi na magunia ya mchanga palepale tunapopitishia chaza wetu kwenda sokoni.

Jana Buya akatukusanya chama kizima. Akasema, "Hao wa juu wanasuluhishana hotelini. Barabara hii hakuna aliyeisuluhishia. Basi tutaisuluhisha wenyewe." Wengine wakasema twende tuwalaani wageni, maana Rais ni mtoto wa Foni. Wengine wakasema tuwalaani wa kwetu waliotufungia njia. Buya akasema hatuchagui upande, barabara ni moja na bunduki ni bunduki.

Unajua sisi wa chama tunavyovaa vya kuchekesha. Mimi nilivaa suruali ya baba yako nje ndani, na shanga za vifuniko vya chupa. Buya alijifunga ungo mgongoni kama mtoto. Tulikwenda kwa miguu mchana kweupe, tunaimba matusi. Askari walikuwa nyuma ya magunia, nyuso wamezifunga vitambaa kwa ajili ya vumbi, macho tu. Mmoja akapaza sauti, "Enyi mama, rudini mkapike."

Buya akamjibu, "Tupike nini na wewe umeikalia njia ya soko? Wewe mwenye kichwa kama kinu kilichopasuka, mama yako anajua ulipo?"

Wakacheka, hata mkubwa wao. Na sisi tukacheka. Halafu tukaacha kucheka.

Wakanipa mimi kibuyu. Walisema kinywa changu ndicho mauti inachokijua, maana nimeizalia sana. Nikamwaga maji katikati ya lami, nikasema maneno tuliyokubaliana: yeyote anayesimama kwenye barabara hii na bunduki, wa upande huu au wa upande ule, tumbo lililomzaa limtafute lisimpate. Nilisema kwa sauti.

Nakwambia kweli, mwanangu, niliporudi nilikisuuza kinywa. Si neno dogo. Lakini nikajituliza, nikasema Suntu wangu yuko na vitunguu vyake, na watoto wa watu watakuwa na akili watatoka hapo.

Jibu upesi. Na tia chumvi.

Mama yako,
Nyimasata


Kwenye kizuizi, barabara ya kusini, Jumatatu, tarehe 16 Januari

Mama,

Sikujua niandike vipi, basi nitaandika tu.

Mimi siko jikoni. Sijawahi kuwa jikoni. Niko kwenye kizuizi hiki tangu kabla ya mwaka mpya. Barua zenu huletwa na lori la chakula kutoka kambini. Nilisema jikoni ili ulale usingizi.

Nilikuwa nyuma ya gunia la tatu kutoka kwenye mti wa kando ya barabara. Nilikuona unakuja na suruali ya Baba na nikajificha uso zaidi, kwa aibu, nikidhani mmekuja kufanya vichekesho. Aliyesema mkapike ni Sajini. Niliyecheka kwa nguvu ni mimi, Mama, kwa sababu ya lile la kinu. Nilidhani utaitambua sauti yangu.

Kisha ukamwaga.

Sajini alisema ni maji tu ya wazee. Lakini kijana mmoja anayetoka karibu na kwetu alivua buti akakaa nazo mapajani, hakuzivaa mpaka jioni. Wale wasio wa huku walituuliza mama huyu amesema nini, na hakuna aliyetaka kuwaambia.

Mimi sina hakika kama ninaamini. Ila tangu siku hiyo, kila nikishika kikombe cha chai, kinamwagika.

Modou anajua nilipo sasa. Atapita hapa moja kwa moja.

Suntu


Foni, Jumanne, tarehe 17 Januari

Suntu,

Leo sina salamu.

Nilisomewa na Kaddy, kwa sababu nilipofika kwenye neno gunia macho yaliacha kuona. Nilikaa chini palepale, juu ya karanga zilizoanikwa. Baba yako akaniuliza nani amekufa. Nikashindwa kusema hakuna.

Nimekubeba. Nimekutoa. Nimekunyima jina zuri. Nimekukana mbele ya watu ukiwa unanililia mlangoni kwa dada yangu, ili tu uishi. Halafu kwa kinywa hikihiki. Hata adui yangu hakunifanyia hivi, maana adui yangu hajui maneno yenyewe.

Nikakimbia kwa Buya. Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia. Aliacha mchi ukaanguka. Nikasema, "Tuyarudishe." Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, Nyima." Nikamshika kanga, nikamwambia wewe ndiye uliyetupeleka, wewe uliyejifunga ungo. Akaniacha nimpige. Nilimpiga kweli.

Baadaye tulikaa. Akafikiri. Akasema neno moja ambalo nimelishika kama kamba. Tulisema tumbo limtafute lisimpate. Tumbo lisipotafuta, je? Lisipokuwa na mtoto wa kumtafuta, neno litakula nini? Ulitolewa mara moja, unaweza kutolewa mara ya pili. Lakini lazima kwanza usiwe na bunduki, na usiwe barabarani. Na mimi nisiwe na haki ya kukuuliza.

Kwa hiyo sikiliza, hii ni mara ya mwisho nakwambia kama mama. Weka hiyo bunduki chini. Shuka horini, pita kwenye mikoko, maji yakipwa utavuka kwa miguu kama tulivyovuka ukiwa mdogo. Ng'ambo ni kwa Teneng. Ingia kwake, mwite mama. Hapo mimi nitakuwa jirani tu.

Redio inasema kuna marais wengine watakuja kumsihi mara ya mwisho. Yeye anaongezewa siku. Anaambiwa fikiri tena, mheshimiwa. Kwa nini yeye asiye na la kuogopa anaongezewa, na wewe hapana?

Vuka. Vuka leo.

Nyimasata


Kwenye kizuizi, Jumatano, tarehe 18 Januari

Mama,

Umeniambia nivuke kana kwamba ni kutoka jikoni kwenda uani.

Anayeacha kizuizi ni mtoro. Sajini ametuambia mtoro hupigwa risasi ya mgongo, tena na wenzake, ili wote wawe na mkono ndani. Hapa nina marafiki, Mama. Yule aliyevua buti analala kando yangu. Nikiondoka mimi, atakayeulizwa ni yeye.

Halafu nikivuka ninakwenda kwa nani? Ng'ambo ndiko waliko hao wanajeshi. Wakiniona natoka mikokoni watadhani nini?

Ngoja. Hata Sajini anasikiliza redio kwa kujificha. Anasema marais wakija watampa Rais njia ya kuondoka kwa heshima, na yeye anapenda heshima. Hakuna anayetaka kupiga risasi hapa. Tunaogopa tu kuwa wa kwanza kusema.

Wakubwa wametuambia wageni wakiingia tupige. Mimi sitapiga. Hilo nakuahidi. Lakini kuondoka ni jambo jingine. Nitakuandikia kesho Modou akipita.

Ile sehemu uliyosema hutakuwa na haki ya kuniuliza, sikuipenda. Ifute.

Mwanao,
Suntu


Kasamansi, Jumamosi, tarehe 21 Januari

Mdogo wangu Nyimasata,

Mimi si mtu wa barua, nitasema lililopo. Anayekuletea hii ni Aminata muuza vitunguu, mpe maji anywe.

Huyo kijana yuko hapa. Yuko hai.

Alifika jana mchana, akanieleza ya maji na ya barua zako. Anasema baada ya barua yake ya mwisho kwako gari la mikate halikupita tena, na majeshi ya jumuiya yakaanza kuingia kwa barabara yenu na nyingine, na ndege juu. Wao kizuizini walikaa na vidole vyao kwenye chuma tangu alfajiri ya Alhamisi. Hakupiga. Hakuna aliyepiga. Ijumaa Sajini akawaambia kila mmoja akae alipo, marais wawili wako ikulu wanamsihi, muda umeongezwa. Anasema aliposikia neno "umeongezwa" ndipo miguu yake ilipoanza kwenda yenyewe. Aliweka bunduki juu ya gunia kama mtu anayeweka mtoto, akashuka horini. Rafiki yake alimwona. Rafiki yake akageuza uso.

Alivuka maji yakiwa hayajapwa. Umemsahaulisha kuhesabu maji, Nyima, kwa ile hofu yako. Alikatwa na chaza miguu yote miwili, na mguu wa kulia umefunguka kama samaki. Alitambaa mpaka kwenye shamba langu la mpunga. Mimi nilidhani ni mbwa.

Sasa sikia lililonishangaza mpaka leo sijala. Nilipokuwa namfunga mguu kwa kitenge, redio ya jirani ikapiga kelele: Rais amekubali kuondoka. Watu wakatoka wanacheza, kina mama wa kwenu waliokimbilia huku wakapiga vibuyu mpaka vikapasuka. Mtoto wako, samahani, huyo mtoto, akasikia. Akauliza, "Leo? Amekubali leo?" Nikasema ndiyo. Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kile. Angengoja mpaka jioni, angetembea kurudi nyumbani na buti zake miguuni. Sasa hajui kama ni mtoro au ni raia, maana jeshi alilolitoroka leo lina bosi mwingine.

Homa ilimpanda usiku huohuo. Leo mguu umevimba hadi gotini. Nilikwenda kwa majeshi ya jumuiya nikawafokea mpaka wakanipa daktari. Anaitwa Osaro, Mnaijeria, kijana, ana bastola kiunoni na mikono laini kuliko yangu. Amemchoma sindano, ameuosha mguu akatoa vipande vya magamba. Anakuja asubuhi na jioni bila kuitwa.

Mgonjwa anaweweseka. Anasema, msimwambie mama anitafute, msimwambie. Daktari akauliza kisa. Nikamweleza, kwa maneno machache tunayoelewana. Alikuwa anacheka mwanzoni. Kisha akauliza barabara ni ipi. Nikamwonyesha. Akasema, "Sisi tumeshuka na hiyo." Akaendelea kufunga bandeji, halafu akauliza tena, polepole, kama maneno hayo huwapata na wageni.

Nimemwambia nitamuuliza mwenyewe aliyemwaga.

Dada yako,
Teneng


Foni, Jumatatu, tarehe 23 Januari

Dada yangu Teneng,

Nakusalimu wewe. Namsalimu mumeo na nyumba yako nzima na kuku wako. Nasalimu kila aliyelala chini ya paa lako, bila kutaja. Mume wangu Landing anasalimu, Bibi anasalimu, Sirreh amejifungua msichana na wote wawili wanasalimu. Kaddy ameandika jina chini ya karatasi nikalifuta, nikamwambia hatutaji.

Barua yako nimeipata. Mimi sina mtoto jeshini. Nilikuwa na dada mwenye mtoto jeshini, na huyo dada ni wewe. Pole kwa kuuguza. Buya na wanawake wote walikuja kwangu, tukafanya mambo yetu. Nilisimama katikati nikasema mbele yao kwamba tumbo langu halimtafuti mtu. Niliulizwa mara ya pili nikasema tena. Mara ya tatu Buya akasema basi, inatosha, mwacheni.

Huku kijiji kimegawanyika. Wengine wanalia kwamba Rais, mtoto wetu, amechukuliwa kwa ndege, wengine wanacheza. Wananiuliza mimi niko na nani. Mimi ningali nimepigwa na butwaa lilelile. Marais wale walisuluhisha nchi bila risasi hata moja, na Mungu awalipe, kola au bila kola. Na sisi tuliokwenda kusuluhisha barabara tu ndio tuliomwaga.

Sasa jibu la huyo daktari. Dada, sikulala. Niliposema wa upande huu au wa upande ule, sikuona sura. Niliona kofia za chuma. Sikudhani kuna mtu ndani yake mwenye mikono laini, wala kwamba huko kwao Naijeria kuna mwanamke anayekaa karibu na simu. Mwambie nimeulizia kwa wakubwa wetu. Maneno hayachagui mgeni wala mwenyeji. Mwambie ukweli, asidanganywe kama nilivyodanganywa na jikoni. Lakini mwambie na hili: yule aliyemwaga anataka jina la mama yake. Jina lake la kwao, analoitwa na waliomzaa. Tutakwenda tena barabarani Ijumaa, na mimi nitalitaja mbele ya wote, nikisema mtoto wa mwanamke huyu si wa kwake tena, ni wa chama chetu, tumemchukua sisi, tumemwita jina baya, asimtafute. Buya ameshachagua jina. Ni baya sana, atalipenda.

Na kama ana wenzake wanaotaka, wataje mama zao wote. Tuna muda.

Mimi sikuulizi habari ya mgonjwa wako. Siwezi kuuliza, unajua. Mguu wa mtoto wa watu haunihusu, uwe umefika gotini au umeshuka. Lakini wewe mkono wako ukiwa unaandika jina la mama yake daktari, na kalamu ikiteleza ikasema jambo jingine, mimi siwezi kuizuia kalamu ya mtu.

Aminata anarudi kesho na vitunguu. Anasubiri kwako mpaka umalize kuandika, nimemlipia nauli. Usimcheleweshe, dada. Andika leo.

Nyimasata